"Yatatosha" Si Jibu la Mwalimu

Ada ya shule za msingi ilifutwa nchini mwaka 2001, na Januari 2002 watoto wakatumiminikia. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja huku kwetu Haydom. Daftari la mahudhurio lilikuwa na mistari 45 kwa ukurasa. Ilipojaa niliandika majina pembeni, kisha chini, juu ya visanduku vya jumla. Mwisho wa mwezi majina yote yalisomeka, ila jumla haikusomeka.

Nimeukumbuka ukurasa ule mjukuu wangu alipokuja likizo na kompyuta yake. Chuoni wanafundishwa lugha ya C, ile aliyoibuni Dennis Ritchie kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa ameandika programu ya kutunza alama za wanafunzi, na juu kabisa ameweka safu ya nafasi 100. Kwa nini 100? "Mwalimu alisema yatatosha, babu."

Nikamwambia aingize mtoto wa 101. Kompyuta haikukataa wala haikuonya. Ila hesabu ya wanafunzi ikageuka kuwa 73, kwa sababu alama ya mtoto yule ilikuwa imekaa juu yake. Visanduku vyangu vya jumla vilevile!

Hapo ndipo ninapogombana na walimu wa namna hiyo. C haikagui mipaka ya safu. Mkaguzi ni mwandishi. Ukimfundisha kijana kukisia bila kumfundisha kukagua, umempa panga lisilo na mpini. Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, alisambaza programu iliyozivamia kompyuta nyingi za mtandao. Mojawapo ya njia zake ilikuwa nafasi ya baiti 512 iliyopokea maneno bila kuuliza urefu wake. Kitendakazi kilichoruhusu hayo, gets, kiliondolewa katika kanuni za C mwaka 2011 tu.

Sisemi safu ya ukubwa maalumu ni kosa. La hasha! Miezi ni 12, siku za juma ni 7. Anayeomba kumbukumbu ya ziada kwa hayo anajisumbua bure. Lakini watoto wa shule hawana idadi maalumu, nami ni shahidi.

Wataniambia kwamba malloc ni ngumu kwa anayeanza. Ugumu wake uko wapi? Huku mtu huazima jembe kwa jirani. Kwanza hujua shamba ni kubwa kiasi gani. Pili, jirani aweza kukunyima, na malloc hukunyima kwa kukurudishia NULL. Asiyetazama mkononi ataenda shambani bila jembe. Tatu, jembe hurudishwa, mara moja tu, kwa free, na likisharudi si lako tena. Watoto wakiongezeka, realloc huomba nafasi kubwa zaidi, na huenda ukahamishiwa kwingine. Basi jibu lake lipokee kwanza katika kielekezi cha pembeni, usije ukanyimwa ukapoteza na anwani ya zamani. Mtoto wa darasa la sita angenielewa.

Jioni mjukuu aliiandika upya. Programu sasa inauliza idadi kwanza, na ikinyimwa nafasi inasema. Nilimpa 8 kwa 10. Free aliisahau.