Karo Yetu Ikaguliwe Kama Majani Yetu
Wito kwa wakulima wa chai wa Kericho na Bomet



Nawaandikia kabla ya bonasi ya chai kuingia, kwa makusudi. Pesa hizo zikifika, nyingi huwa zimekwisha kupangiwa: deni la mbolea, mkopo wa Sacco, na juu ya yote karo ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Mawakala wa vyuo vya kibinafsi wanalijua hilo. Msimu wa bonasi ndio msimu wao wa kupita Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet na Mogogosiek wakiwa na fomu za usajili. Ahadi yao ni tamu: mtoto atasoma kwa simu akiwa nyumbani, mkopo wa serikali utalipa, mzazi atoe tu ada ya kuanzia.

Vyuo vya kibinafsi vinavyofundisha kwa uaminifu vipo, na wenye navyo hawana sababu ya kuuogopa wito huu. Ninaowasema ni wale wanaopokea karo ya mkulima huku wakijua kwamba msaada wa fedha walioutangaza haupo, au kwamba kozi wanayoiuza haitambuliwi na yeyote. Wazazi wanaoumizwa na watu hao huumia kimya, kila mmoja nyumbani kwake, kwa aibu ya kuonekana walidanganyika. Kimya hicho ndicho mtaji wa mdanganyifu. Akishamaliza nyumba moja anahamia ya pili, na ya pili haijasikia lolote.

Ombi langu ni moja. Kuanzia mwaka huu, familia yoyote ya eneo letu isitoe hata shilingi ya kwanza kwa chuo ambacho majirani hawajakikagua pamoja nayo.

Tuanze na mkopo, maana ndio unaotajwa kwanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mikopo yake kwa wanafunzi wa cheti na stashahada imekusudiwa wale walio katika taasisi za umma, kama vyuo vyetu vya ufundi vya Bureti na Sot. Kwa upande wa shahada, mwanafunzi wa chuo kikuu cha kibinafsi kilichoidhinishwa anaweza kuomba mkopo, lakini mfumo wa ufadhili ulioanza na waliofanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2022 haumpi ule msaada wa serikali usiorudishwa; huo ni wa vyuo vikuu vya umma. Kwa hiyo wakala anayemwambia mama wa Konoin au Belgut kwamba HELB italipia stashahada ya mwanawe katika chuo cha mtu binafsi anauza kitu ambacho hana.

Yanayofuata tunayajua. Muhula wa kwanza unalipwa kwa bonasi. Muhula wa pili mkopo uliosubiriwa haujafika, kijana anafungiwa masomo ya mtandaoni na kunyimwa kadi ya mtihani. Ng'ombe anauzwa, kadi inatolewa, na muhula wa tatu mambo ni yale yale. Mwishowe kijana anarudi shambani bila cheti, na karo hairudishwi.

Hata mwanafunzi anayefanikiwa kupata mkopo hajaepuka hatari. Deni liko kwa jina lake, wala si la chuo. HELB hutoza mkopo wa shahada riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekaa bila kulipa baada ya muda wake kufika hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Chuo kikifunga milango, deni la mwanafunzi haliendi nacho. Kijana wa miaka ishirini anayetia saini ombi la mkopo anastahili kuyajua haya kabla ya kutia saini, na mzazi wake pia.

Vurugu katika ufadhili wa umma zimewapa mawakala nafasi zaidi. Mfumo huo mpya unampanga mwanafunzi katika kundi la uhitaji kutokana na maelezo anayoyajaza mtandaoni. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 20 Desemba 2024, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi anayesikia habari hizi redioni hajui ashike lipi. Mtoto wake amepangwa katika kundi la wenye uwezo, rufaa ya kupinga kundi hilo haijajibiwa, siku ya kuripoti imekaribia. Hapo ndipo wakala anapobisha hodi na kusema kwake hakuna kusubiri.

Nasi tuna haraka zetu. Mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba makubwa, na Mei 2023 hasira ya waliopoteza kazi ililipuka hapa Kericho hadi mashine zikateketezwa. Bonasi ya 2025 ilishuka katika viwanda vya upande huu wa Bonde la Ufa, wakulima wakaandamana. Mzazi anayeona chai haitamtosha mwanawe hukimbilia elimu kwa moyo wote. Hilo si kosa lake. Lakini mwenye haraka ndiye anayewindwa, na kinga yake ni watu wa kumwambia asubiri siku mbili ukweli utafutwe.

Sisi ukaguzi tunaujua. Kila siku ya kuuza, majani yetu hutazamwa kituoni kabla hayajapimwa. Karani anataka majani mawili na kichipukizi. Yaliyokomaa huyatupa kando, hata kama aliyeyaleta ni diwani au mchungaji. Tumekubali utaratibu huo kwa sababu kapu moja baya hushusha bei ya wote. Basi mbona kapu letu hukaguliwa kila wiki, na chuo kinachobeba bonasi ya mwaka mzima hakikaguliwi na mtu hata mara moja?

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Vyuo vya ufundi na stashahada huidhinishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, na vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Orodha zao zimo katika tovuti zao, na kijana yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Jambo la kukumbuka ni kwamba chuo kinaweza kuwa na leseni na bado kozi fulani ikawa haijaidhinishwa, kwa hiyo tuulize yote mawili. Kozi za afya zina mlango mwingine: Baraza la Wauguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki, Bodi ya Famasia na Sumu. Aliyesomea uuguzi mahali ambapo baraza halipatambui hataruhusiwa kufanya mtihani wa kupata leseni, hata kama alilipa karo yote. Na kusoma mtandaoni kwenyewe si ubaya. Serikali ina Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023, na masomo yake hufanyika mtandaoni. Tunachotaka ni kujua nani anafundisha na nani anautambua ufundishaji huo.

Kwamba kuungana kunasaidia, tuna ushahidi wa karibu na wa mbali. Jirani zetu wa Uasin Gishu waliweka pesa zao katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto kusoma Finland na Canada, ulioanza mwaka 2021. Karo ilipokosa kufika vyuoni, wapo wanafunzi waliojikuta ugenini wakidaiwa. Mzazi mmoja mmoja aliyekwenda ofisini alirudishwa na ahadi. Agosti 2023 wazazi walijitokeza Eldoret kwa wingi, Seneti ikawasikiliza, na mwezi huo huo maafisa wa zamani wakafikishwa mahakamani katika kesi ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Walikana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Ninalolishika ni kwamba malalamiko yale yalipata masikio yalipotoka katika vinywa vingi kwa wakati mmoja.

Kule Marekani, kampuni ya Corinthian iliendesha vyuo vya Everest kwa faida, vikiwemo vya mtandaoni, na mapato yake mengi yalitokana na mikopo ya serikali iliyobebeshwa wanafunzi. Februari 2015 wanafunzi 15 wa zamani walitangaza hadharani kwamba hawatalipa madeni ya elimu waliyodanganywa nayo. Aprili mwaka huo vyuo vilivyobaki vikafungwa. Wengine wakajiunga nao, wakaandika malalamiko, wakaenda mahakamani, wakakataa kuchoka. Juni 2022 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kufuta deni la dola bilioni 5.8 kwa watu 560,000. Siwaambii tukatae kulipa HELB. Pesa zinazorudi ndizo zinazomsomesha mtoto anayefuata. Nawaambia kwamba watu 15 walioweka aibu kando waliwafungulia njia watu zaidi ya nusu milioni.

Na wazee wetu walitutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii mbalimbali za Kenya zilichanga kwa harambee kujenga vyuo vya ufundi, na kile cha Kimathi kule Nyeri leo ni chuo kikuu. Sisi bado tunachanga. Tunakusanyika nyumbani kwa jirani, tunachinja, tunatoa, mtoto anakwenda. Mchango tunautoa pamoja. Tunachoacha kufanya pamoja ni kuulizia pesa zinakokwenda. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, kila kituo cha kununulia majani kiitishe kikao kabla ya mwisho wa Septemba na kichague watu watatu: kijana anayeijua intaneti, mama kutoka kikundi cha akina mama, na mzee wa kokwet. Kazi yao iwe kuangalia, kabla ya familia yoyote kulipa, kama chuo kimeidhinishwa, kama kozi imeidhinishwa, na kama mkopo ulioahidiwa upo kweli. Wasidai malipo. Jibu lao liandikwe katika daftari la kituo ambalo yeyote anaweza kulisoma.

Pili, harambee yoyote ya karo isimame hadi daftari hilo lisomwe mbele ya waliokuja kuchanga. Makanisa yanayotangaza michango hii Jumapili yasaidie kuishika kanuni hiyo.

Tatu, karo ilipwe kwa akaunti ya benki au nambari ya malipo iliyo kwa jina la chuo, kamwe si kwa simu ya wakala. Tudai risiti, barua ya kujiunga, na maandishi yanayosema karo itarudishwa vipi chuo kikishindwa kufundisha. Chuo kinachokataa kuandika hilo kimekwisha kutujibu.

Nne, walioumizwa wajitokeze na karatasi zao. Tusimchafulie mtu jina kwa uvumi. Twende na risiti, ujumbe wa simu na tarehe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na kufidiwa hasara, hata muuzaji akiwa mtu binafsi. Matangazo ya uongo yapelekwe kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na ucheleweshaji wa ofisi za umma kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kifungu cha 22 kinaruhusu kikundi kwenda mahakamani kwa pamoja. Familia moja haiwezi kumlipa wakili. Familia arobaini zenye kilio kimoja zinaweza.

Tano, tupeleke ombi rasmi kwa mabunge ya kaunti za Kericho na Bomet, haki tuliyopewa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Tudai mambo matatu. Kaunti isitoe kibali cha biashara kwa chuo kisicho na idhini ya TVETA au CUE. Basari ya kaunti isilipwe kwa chuo cha namna hiyo. Na orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa isomwe katika mabaraza ya machifu na katika redio zinazotangaza kwa Kikalenjin, kila mwaka kabla ya bonasi. Vibali viko mikononi mwa kaunti zenyewe. Haziwezi kutuelekeza Nairobi.

Kwenu wakurugenzi wa viwanda na viongozi wa Sacco: mnakutana na wanachama wenu kila mwaka, na mikopo mingi ya karo hupitia kwenu. Ulizeni jina la chuo kabla ya kuidhinisha mkopo. Kwa maafisa wa HELB: njooni viwandani kabla ya Oktoba, mtueleze kwa lugha tunayoielewa nani anastahili mkopo na nani hastahili.

Kwenu vijana mliofungiwa masomo mkiwa nusu ya safari: mlichofanya ni kutafuta elimu, na hilo halina aibu. Nendeni kwa kikao cha kituo chenu, mseme chuo, kiasi na tarehe. Kila mmoja wenu atakayesema atawaokoa wadogo zake wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu.

Na wewe unayesoma, usimngoje mwenyekiti. Siku ya kupeleka majani wiki hii, kabla watu hawajatawanyika, simama uliombe kundi lipange tarehe ya kikao. Daftari linunuliwe siku hiyo hiyo, na jina la kwanza la chuo liandikwe humo kabla bonasi haijaingia.