Matairi manne yasikudanganye (Sehemu ya 3)

Mama zangu, hili nalisema bila kuremba. Familia ikifika mara ya kwanza kwenye viwanja vya pikipiki za matairi manne, mtoto anapakatwa mbele, picha, haya twende. Hapana jamani!

Chombo kile hakina mkanda, na cha mtu mzima huzidi kilo 200. Kikipinduka kwenye tuta, kinamlalia mtoto kifuani. Vingi ni vya mtu mmoja, anayejisawazisha kwa mwili wake. Ukipakata mtoto utajisawazisha vipi? Madaktari wa watoto Marekani wanashauri aliye chini ya miaka 16 asipande kabisa.

Mwenye kiwanja atakwambia, "Hakuna shida mama, taratibu tu." Yeye anauza tiketi. Wodini utalala wewe.

Baba apande peke yake, kofia ngumu kichwani. Mtoto achezee mchanga.