Tusiponyeshwe magoti kwa unga wa ndani ya basi

Katika vituo vya mabasi na masoko ya mipakani, kuanzia Rusumo hadi Rusizi na Gisenyi, kuna biashara moja ambayo haihitaji mtaji mkubwa wala cheti cha asili ya bidhaa. Muuzaji hupanda basi kabla halijaondoka, akatoa pakiti ndogo za unga wa kahawia, akataja karibu magonjwa yote yanayomsumbua binadamu, na mwisho akafikia yale yanayowafanya akina mama wafungue pochi zao: magoti, kiuno na mgongo. Unga huo, anasema, ni mizizi na majani matupu. Ukiunywa leo, kesho unapanda mlima bila fimbo.

Ndugu wasomaji, ningekuwa na wasiwasi kidogo tu kama unga huo usingefanya kazi yoyote, kwani hasara ingekuwa ya fedha peke yake. Tatizo ni kwamba mara nyingine unafanya kazi, tena haraka mno, na hapo ndipo hatari ilipo.

Suala hili linatuhusu sisi kuliko watu wengi. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wapo waliorudi nyumbani kwa miguu mwaka 1996, wakati mamia ya maelfu ya watu walipovuka kutoka Zaire mwezi Novemba na kutoka Tanzania mwezi Desemba, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 wakati ule sasa amefikia miaka 60 au anaikaribia, na huo ndio umri ambao viungo huanza kudai deni lao. Wapo pia waliorudi kutoka Tanzania mwaka 2013, ambao wengi wao walianza upya na jembe mkononi wakiwa tayari ni watu wazima. Na wapo wafanyabiashara wadogo wa mipakani, wengi wao wanawake, ambao kila siku hujitwika nyanya, viazi, maharage au samaki na kuvuka navyo, wengine zaidi ya mara moja kwa siku.

Watu hawa wakiumwa magoti, huambiwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba ni baridi ya milimani, hasa kwa waliozoea joto la Kigoma, Kagera au Uvira. La pili ni kwamba wamekanyaga kitu walichotegewa na mwenzao wa sokoni. La tatu ni kwamba ni uzee, kwa hiyo wakae watulie. Yote matatu yana madhara. Baridi huweza kuongeza ukakamavu na maumivu, lakini haileti ugonjwa huo. Imani ya kutegewa huvunja urafiki wa majirani wakati mgonjwa hajatibiwa. Na ushauri wa kukaa tu, kama nitakavyoeleza, ndio unaolemaza zaidi.

Ugonjwa wa viungo si mmoja. Unaowapata wengi zaidi ni uchakavu wa viungo. Mwishoni mwa mifupa inapokutana kuna gegedu, yaani tabaka laini linaloteleza na kuzuia mfupa usisuguane na mfupa. Kwa umri, uzito, majeraha ya zamani na kazi nzito ya miaka mingi, tabaka hilo huanza kulika. Goti huuma ukitembea au ukipanda ngazi, hupoa ukipumzika, na asubuhi hukakamaa kwa dakika chache kisha likalainika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba kati ya kila wagonjwa kumi, sita ni wanawake. Goti ndilo kiungo kinachoongoza.

Wa pili ni baridi yabisi yenyewe. Hapa kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Huanza mara nyingi kwenye vidole na viganja, mikono yote miwili kwa pamoja. Viungo huvimba, asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, na mgonjwa hujisikia mchovu mwili mzima. Huweza kumpata mama wa miaka 35 ambaye hajawahi kubeba gunia. Ugonjwa huu hauna jani la kuuzuia. Una dawa za hospitali, na dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla vidole havijapinda.

Wa tatu ni jongo. Mtu hulala mzima, akaamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hakitaki hata kuguswa na shuka. Huyu ndiye anayedhaniwa haraka kuwa amekanyaga uchawi. Kumbe ni asidi ya yuriki iliyozidi katika damu na kuganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Bia, nyama ya viungo vya ndani kama maini na figo, dagaa kwa wingi na soda zenye sukari nyingi huchochea. Jongo lina tiba nzuri, mradi mtu afike kwa mganga wa hospitali badala ya kwenda kumtafuta mchawi.

Sasa turudi kwenye unga. Katika nchi nyingi duniani, dawa zinazouzwa kama za asili zimepimwa maabara na kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King na Artri Ajo King, ambavyo viliuzwa kama virutubisho vya asili. Ndani yake ilikutwa diklofenaki, dawa ya maumivu, pamoja na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Hazikuandikwa popote kwenye kopo. Ikiwa hayo yanatokea kwenye makopo yenye nembo katika nchi yenye maabara kila kona, tujiulize kuna nini kwenye pakiti isiyo na jina, isiyo na anwani, iliyofungwa kwa mshumaa.

Steroidi humfanya mgonjwa ajisikie amepona ndani ya siku moja au mbili. Hamu ya kula hurudi na maumivu hutoweka, naye humsifu muuzaji kwa majirani. Baada ya wiki kadhaa uso huanza kuwa wa mviringo, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika na kinga ya mwili hupungua. Diklofenaki nayo, ikitumiwa ovyo, hutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Kwa hiyo nawapa kipimo kimoja rahisi: hakuna mzizi unaolinyamazisha goti la miaka mingi kwa usiku mmoja. Dawa ya majani ikifanya hivyo, ishuku kwamba si majani peke yake.

Kuna jambo ambalo naomba lisomwe kwa makini. Ikiwa umekunywa unga wa namna hiyo kwa wiki nyingi, na hasa kama uso umevimba, usiuache ghafla kwa woga. Mwili uliozoea steroidi husahau kutengeneza homoni yake ya ndani ya jamii hiyo, na kukatisha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Nenda kituo cha afya mara moja, beba pakiti yenyewe, waeleze umeitumia kwa muda gani. Usione haya. Mhudumu akijua ukweli atakusaidia kupunguza kwa utaratibu.

Sisemi kwamba dawa za asili zote ni utapeli. Zipo zinazosaidia, lakini kazi yake ni kupunguza maumivu, wala hazirudishi gegedu iliyolika. Joto ni la kwanza. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yasiyounguza, kikawekwa kwenye goti kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza kazi, hulainisha ukakamavu. Goti likiwa limevimba na lina moto, tumia kitambaa cha maji baridi badala yake. Tangawizi na manjano, kwenye chai au chakula, zimeonekana katika tafiti ndogondogo kupunguza maumivu kidogo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuzinywa kwa wingi. Kuchua kwa mafuta ya mkaratusi huleta nafuu ya muda. Lakini pilipili mbichi usiipake, itakuunguza ngozi. Na kuchanjwa kwa wembe au kupigwa chuku juu ya goti tuache kabisa, kwani wembe uliopita kwa watu kadhaa unaweza kuleta ukimwi, homa ya ini au pepopunda, huku goti likibaki palepale.

Dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote ni mwendo. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husambazwa kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Misuli ya paja nayo ndiyo inayolishika goti. Mtu akikaa tu, misuli hulegea, goti hubaki bila mhimili, na maumivu huongezeka. Ndiyo maana wataalamu wa viungo huanza na mazoezi.

Hayahitaji uwanja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ubane msuli wa paja, hesabu hadi tano, ushushe. Fanya mara kumi kwa kila mguu. Kisha simama na ukae polepole mara tano hadi kumi, ukiweza bila kushika kitu. Shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, ushuke taratibu. Kama vidole vya mikono ndivyo vinavyouma, vikunje na kuvikunjua ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi. Tembea mahali tambarare dakika kumi, ongeza kidogo kila wiki hadi ufike nusu saa. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, kesho punguza, usiache. Fimbo ishike kwa mkono wa upande usiouma. Na kwa wazee ambao kuchuchumaa chooni kumekuwa mateso, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo kwa gharama ndogo. Hilo peke yake hurudisha heshima ya mtu.

Kuhusu uzito, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 kwa watu wazima wanene wenye uchakavu wa magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa kilo nne hivi juu ya goti kwa kila hatua. Nawaomba wafanyabiashara wa mipakani wautafakari ukweli huo, kwani kilo zilizo kichwani nazo hupita kwenye goti lilelile. Mzigo wa kilo 40 ukigawanywa mara mbili hula muda, najua, na foleni ya mpakani haina huruma. Lakini watu wanne wakichanga kununua mkokoteni mmoja, au ushirika ukiwanunulia wanachama wake, magoti manane yatapumzika kwa bei ya matibabu ya mmoja. Wakati wa kujitwika, tuitane tutwishane. Kuinua gunia peke yako kutoka chini hadi kichwani ndiko kunakovunja mgongo.

Zipo dalili ambazo hazingoji tangawizi wala zoezi. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa na moto, na mgonjwa ana homa, hilo ni la siku hiyohiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa muda mfupi. Mtoto ambaye baada ya kuumwa koo anaanza kuumwa viungo, leo goti kesho kiwiko, apelekwe upesi, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuharibu vali za moyo. Viungo vidogo vya mikono vikivimba kwa zaidi ya wiki chache, usisubiri. Anza na kituo cha afya kilicho karibu na kadi yako ya mituweli, uombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ukiwa huko uulize kuhusu mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wengi hawaulizi, hivyo hawampati.

Kwa wenye mamlaka nina maombi mawili. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2018, ichukue sampuli za unga unaouzwa ndani ya mabasi na kwenye masoko ya mipakani, izipime, na itangaze majibu kwa lugha zote zinazosemwa sokoni, Kiswahili kikiwemo. Na vituo vya afya vilivyo karibu na mipaka vitenge walau asubuhi moja kwa wiki ya kuwafundisha wachuuzi mazoezi haya kwa vikundi. Hayahitaji mashine wala dawa, yanahitaji mkeka na mtu anayejua.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Goti halikulika kwa siku moja, wala halitapata nafuu kwa siku moja. Muuzaji atakayepanda basi kesho na kuahidi vinginevyo, mwache ashuke na pakiti zake.