Adui wa Ghala Asiyekunywa Maji

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, nafaka hupimwa kwa gorogoro, na mnunuzi mwerevu hatoi fedha zake kabla ya kuchota konzi ya mahindi na kuyatazama. Akiona punje zimetobolewa hujua kwamba fukusi amepita. Lakini yuko mdudu mwingine asiyetambulika upesi, naye ni mbawakawa mwekundu wa unga, ambaye urefu wake ni milimita 3 au 4 tu. Wataalamu humwita Tribolium castaneum.

Mdudu huyu ana jamaa zake wakaao mbali sana. Ukoo wake, uitwao Tenebrionidae, una aina nyingi ziishizo majangwani. Katika vilima vya mchanga vya jangwa la Namib, nchini Namibia, ambako mvua ni haba mno, wako mbawakawa weusi ambao mchanga ndio makao yao. Mwaka 1962 Charles Koch, bingwa wa elimu ya wadudu hao, alianzisha kituo cha utafiti huko Gobabeb. Na mwaka 1976 wataalamu Hamilton na Seely walieleza ajabu ya mmoja wao, Onymacris unguicularis. Ukungu uvumapo kutoka baharini, mdudu huyo hupanda mpaka kileleni mwa kilima, huinamisha kichwa na kuinua mgongo kuuelekea upepo. Ukungu hugeuka matone mwilini mwake, nayo huteremka hadi kinywani, akanywa.

Kunywa ukungu ni hila ya wachache. Hila ya wengi katika ukoo huu ni kutopoteza maji. Mwisho wa utumbo wao umeshikamana na vijifereji vyembamba vinavyofyonza unyevu wa kinyesi kabla hakijatoka. Kadhalika, chakula kinapotumika mwilini pamoja na hewa, maji kidogo hupatikana humo humo.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkulima wa Meru. Kuanika mahindi mpaka yakauke vema ni jambo la lazima, maana huzuia kuvu na sumu yake, na fukusi huzaa kwa shida katika nafaka kavu sana. Bali mbawakawa wa unga, kama jamaa zake wa jangwani, hauogopi ukavu. Jike hutaga mayai mamia, na mdudu mzima aweza kuishi zaidi ya mwaka. Unga aliouvamia hubadilika rangi na kutoa harufu mbaya, hata haufai kuliwa.

Hata hivyo anao udhaifu. Punje nzima, isiyo na ufa, humshinda. Hutafuta punje zilizovunjika, vumbi la nafaka na unga. Kwa hiyo mahindi yapurwe kwa uangalifu yasipasuke, kisha yapepetwe kabla ya kuwekwa. Ghala lifagiliwe hata pembeni, na magunia ya zamani yakung'utwe na kuanikwa juani. Nafaka mpya isichanganywe na masalio ya mwaka uliopita. Na afadhali kupeleka kinuni mahindi kidogo kidogo kuliko kuweka unga mwingi kwa miezi mingi.

Silaha nyingine ni mfuko usiopitisha hewa, wenye nailoni ndani, uliofungwa barabara na usio na tundu lolote. Wataalamu waliochunguza mdudu wa kunde katika hali hiyo walitoa habari zao mwaka 2012. Hewa ilipopungua, wadudu waliacha kula. Na kwa kuwa maji yao hutengenezwa kwa chakula na hewa, walikauka wakafa. Hivyo mdudu asiyehitaji mto wala kisima aweza kuuawa kwa kiu ndani ya gunia, mradi mwenye gunia akumbuke kulifunga siku ile ile ya kulijaza.