Mkasi wa Serikali Haukuwa Mkasi Pekee

Kuna hadithi sisi watu wa majarida tunapenda kujisimulia: ati ukishamkwepa mdhibiti wa serikali, basi uko huru. Si kweli. Tazama Poland.

Mwaka 1977 waandishi wa Warsaw walianza kutoa Zapis, jarida la fasihi ambalo halikupitia kwa mdhibiti yeyote. Mwaka huohuo, mji wa Łódź ukapata Puls. Nakala zilitolewa kwa siri na kupitishwa mkono kwa mkono. Ukishikwa, unaweza kupoteza kazi au kulala ndani. Walikuwa majasiri, hilo silibishi.

Lakini mkasi wa serikali ulipoondoka, utani wa zamani kuhusu majirani ulibaki. Katika utani huo, Mcheki ni mtu wa bia, mtu wa tumbo, mcheshi, tena mwoga. Ana hadi jina la kejeli: Pepik. Wapolandi walimsoma Švejk, yule askari wa riwaya ya Jaroslav Hašek anayepita vitani akijifanya mjinga, wakaamua huyo ndiye taifa zima. Mpolandi hupigana akafa. Mcheki hucheka akainua mikono. 1938 hakupigana na Hitler. 1968 hakupigana na vifaru vya Moscow.

Ngoja kwanza. Vifaru vya 1968 havikuwa vya Moscow pekee. Maelfu ya askari wa Poland waliingia Chekoslovakia pamoja navyo. Na 1938, nchi hiyo ilipokuwa ikikatwakatwa, Poland nayo ilijichukulia kipande, Zaolzie. Sasa unaingiaje kwa jirani bila hodi, kisha unamcheka kwa kutokutoa ngumi?

Utaniambia: lakini si ni hao hao wachapishaji wa siri waliowapa Wapolandi Hrabal, Kundera na Havel? Ndiyo, na heko kwao. Ila kuna kupenda kunakodhalilisha pia. Ukimpenda Mcheki kwa sababu anakuchekesha tu, bado hujamwona. Umebadilisha tusi likawa sifa, lakini mtu ni yuleyule wa katuni.

Wa kweli alikuwa wapi? Alikuwa kwenye taipureta. Ludvík Vaculík na wenzake walikuwa wakitoa vitabu vilivyopigwa marufuku kwa karatasi za kaboni, nakala chache kila safari, miaka kadhaa kabla Zapis haijazaliwa. Mwanafalsafa Jan Patočka, mmoja wa wasemaji wa Charta 77, alifariki Machi 1977 akiwa na miaka 69, baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi. Jan Palach alikuwa na miaka 20 alipojichoma moto Prague, Januari 1969. Huo ndio uoga?

Agosti 1978 wapinzani wa nchi hizi mbili walikutana kisiri milimani, mpakani. Miezi michache baadaye Havel aliandika insha yake kuhusu nguvu ya wasio na nguvu. Humo kuna muuza mboga anayeweka bango la chama dirishani. Haliamini, pengine hata halisomi. Analiweka kwa sababu kila mtu huliweka.

Mhariri anayeachia utani wa Pepik upite ukurasani ni huyo muuza mboga. Tena yeye ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwamuru. Hakuna polisi mlangoni. Bango amelichora mwenyewe.

Kwa hivyo wewe unayeandika leo bila mdhibiti, usijipigie makofi mapema. Rudia ulichoandika kuhusu jirani yako, kabila lile, nchi ile, mtaa ule. Kila unapokuta "hao watu ni", jiulize: hili nimeliona kwa macho yangu, ama nimelikuta tu dirishani?