Jicho la Angani na Tope la Ruvu

Ukisimama ufukweni Bagamoyo wakati wa masika, huenda ukaona maji ya bahari yamegeuka rangi. Rangi hiyo huonekana pia kutoka angani, kiasi cha kilometa 700 juu ya vichwa vyetu.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, lakini haikunasa mwanga wa buluu. Landsat ya nne, ya mwaka 1982, ndiyo iliyouongeza. Mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu ukiunganishwa, hupatikana picha ya rangi halisi, yaani kama jicho la binadamu lingeliona lau lingekuwa huko juu. Kuisoma si kazi ngumu: maji ya kina kirefu ni buluu nzito, mikoko ni kijani kibichi, tope ni kahawia.

Manufaa yake yalidhihirika katika Ziwa Viktoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, ambalo hakuna mvuvi awezaye kuliona lote. Picha za Desemba 2005 zilionyesha maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, yakiwa wazi. Za Desemba 2006 zilionyesha kijani cha magugumaji kimetanda. Magugu hayo hustawi kwa rutuba iletwayo na mito kutoka nchi kavu.

Mito yetu nayo haiji mikono mitupu. Ruvu, uanzao katika milima ya Uluguru, humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Lile wingu la kahawia mlangoni mwake ni udongo uliochukuliwa na mvua, na udongo ni shamba la mtu.

Usiseme hayo ni ya watu wa milimani. Wewe uishiye Dar es Salaam, sehemu kubwa ya maji ya jiji lako hutoka Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Mto ukijaa tope, kuyasafisha huwa kazi kubwa zaidi, na mtungi wa nyumbani kwako ndio utakaosubiri.

Setilaiti hupiga picha tu. Haichimbi matuta wala haihifadhi mti kando ya mto. Kazi hiyo ni yetu. Mwenye macho haambiwi tazama.