RUAHA ISIWE YA WAGENI PEKE YAO

Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba kuwahifadhi wanyamapori ni dhamana nzito kwa Waafrika wote. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni tunda mojawapo la dhamana hiyo. Lakini mwenye mali asiyeiona mali yake huilinda kwa kusikia tu. Watoto wengi wa Chamwino wanamfahamu tembo kwa picha iliyo katika noti ya shilingi elfu kumi, hali wageni huvuka bahari kuja kumtazama.

Husemwa kwamba kikwazo ni fedha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Kinachokosekana zaidi ni mpango.

Kutoka Dodoma hadi Iringa, kwa kupitia Fufu na Mtera, ni kiasi cha kilomita 260, na kutoka Iringa kuingia Ruaha ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Yafaa kuandaa malazi ya siku mbili, chakula, na basi la kukodi ambalo gharama yake itagawanywa kwa wengi. Wakati mzuri ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ambapo majani yamepungua na wanyama hufuata maji mtoni. Ndio wakati ambao mkulima wa Chamwino amekwisha kuvuna. Basi michango ianze kukusanywa mapema, kidogo kidogo, wala isingoje wiki ya kuondoka.

Lipo jambo kubwa kuliko matembezi. Mto Ruaha Mkuu unaowanywesha tembo na viboko ndio huo huo unaojaza bwawa la Mtera, lenye samaki wanaoliwa Dodoma na mitambo ya umeme ya megawati 80. Tangu mwaka 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka hifadhini nyakati za kiangazi, hasa kwa sababu ya maji kuchepushwa kwenda mashambani huko Usangu. Mwanafunzi atakayesimama juu ya mchanga mkavu wa mto huo hatahitaji hotuba ndefu kuhusu mazingira.

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu alikaa Chamwino akishirikiana na wanakijiji katika kazi ya kujenga kijiji chao. Umoja uliosimamisha nyumba hauwezi kushindwa na basi moja. Kamati za shule, vijiji na vyama vya ushirika havina budi kuiweka safari ya Ruaha katika mipango yao ya mwaka, pamoja na tarehe, bajeti na msimamizi wake. Dhamana ya mwaka 1961 haikukabidhiwa kwa askari wa wanyamapori peke yao. Ni ya kila mwananchi.